Tunaogopa mdoli, rimoti hatuiogopi

Mtoto wa kiume wa miaka minne akijifunga kanga ya mama yake kiunoni akaanza kukatika sebuleni, nyumba nzima inasimama. Shangazi anashika mdomo, baba anauliza kwa ukali "nani kamfundisha huyu?", mjomba anatuma voisi kwenye grupu la familia kwamba jamani tuangalie watoto wetu wanaangalia nini kwenye tivii. Mtoto huyohuyo akifika miaka kumi, akamaliza kula ubwabwa akaiacha sahani hapohapo na punje zake, akachukua rimoti akahamia kwenye kochi huku dada yake wa miaka saba anakusanya vyombo, vyake na vya kaka, anainama anafuta meza, hapo hakuna anayeuliza nani kamfundisha. Na hapo ndo palipo na somo lenyewe, tena kalisoma miaka yote bila kukosa kipindi.

Mjadala wetu kuhusu kulea watoto wa kike na wa kiume naona umekwama sehemu moja kwa muda mrefu sana. Kila ukianza unaanzia kwenye hofu ya "huyu mtoto atakuja kuwa nani". Akicheza na mdoli atakuwa nani, akivaa pinki, akipenda kukaa na dada zake wakati wanasukana, akilia kwa sauti nyembamba, basi tayari watu wana majibu. Alafu upande wa pili wapo ndugu zetu wa semina na miradi, wao wanakuja na kauli kwamba mtoto anazaliwa hana chochote, jamii ndo inamuandika kila kitu, ukibadilisha midoli umebadilisha dunia. Hawa watu wanagombana kila siku ila ukikaa ukawasikiliza vizuri unakuta wanaamini kitu kilekile, kwamba nguo na midoli ndo zinaamua mtoto ajione mwanaume au mwanamke. Mmoja anaogopa mwingine anafurahia, ila imani ni moja, na mi naona wote wamekosea palepale.

Kuna kesi moja ya Canada ambayo mtu akitaka kubishana kuhusu haya mambo ingebidi aijue kwanza. Agosti 1965 kwenye mji wa Winnipeg walizaliwa mapacha wa kiume wanaofanana, Bruce na Brian Reimer. Walipofika miezi minane wakapelekwa kutahiriwa, kifaa cha umeme kikamuunguza Bruce, uume ukaharibika wote. Wazazi wao, vijana wadogo tu wamechanganyikiwa, wakaja kumuona kwenye tivii mtaalamu wa saikolojia wa chuo cha Johns Hopkins kule Baltimore, Marekani, anaitwa John Money, ambae alikuwa anaamini kwamba kwenye ile miaka ya mwanzo mtoto unaweza kumlea awe wa kike au wa kiume vyovyote utakavyo, mradi uanze mapema na asijue. Kwahiyo 1967 mtoto akafanyiwa upasuaji, akapewa jina la Brenda, magauni, midoli, nywele ndefu, kila kitu. Money akatangaza kwamba jaribio limefanikiwa na wasomi wengi wakalipokea, mana ilikuwa kesi tamu kwao, kuna pacha mwenzie wa kulinganisha nae kabisa. Kumbe nyumbani ni vita. Mtoto anavua magauni, anapigana, anagombania magari ya kuchezea ya pacha wake, shuleni wenzie wanamcheka. 1980, akiwa na miaka 14, baba yake akamwambia ukweli, na hakuchukua muda kuamua kuishi kama mwanaume, akajiita David. Watu wengine duniani walikuja kuujua ukweli 1997 baada ya watafiti Milton Diamond na Keith Sigmundson kuuchapisha. Alijiua 2004, ana miaka 38.

Kesi moja sio sayansi nzima, hilo nakubali, na 1998 iliandikwa nyingine hukohuko Canada ya mtoto aliyepata ajali inayofanana na hiyo akalelewa kike na ukubwani akabaki anajiona mwanamke. Kwahiyo sisemi malezi hayana kazi. Ninachosema ni kwamba usukani wa kitu hiki hauko mkononi mwa mzazi kama anavyojidhania, sio yule wa semina wala yule wa bakora. Miaka kumi na tatu ya magauni, daktari bingwa, upasuaji na dawa za homoni havikumgeuza David, sasa wewe unafikiri dakika ishirini za kanga zitamgeuza mwanao? Na wale watoto wachache ambao tangu wadogo wanasisitiza kwamba wao sio kile walichoandikiwa, nao hawakufundishwa na mdoli, na sijawahi kusikia fimbo iliyomsaidia hata mmoja wao.

Tena hata hiko kisanduku cha me au ke kwenye fomu sio rahisi kwa kila mtoto kama tunavyochukulia. Kenya 2009 alizaliwa mtoto Nairobi, kwenye karatasi zake za hospitali sehemu ya jinsia ikawekwa alama ya kuuliza. Mtoto hana cheti cha kuzaliwa kwa sababu hana neno la kujaza pale. Mama yake akaenda mahakamani, kesi ikajulikana kama Baby A, na mwisho wa 2014 Mahakama Kuu ikaitaka serikali itafute namna ya kuwatambua watoto huntha, yani wale ambao maumbile yao hayaingii moja kwa moja kwenye me au ke. Sensa ya Kenya ya 2019 ikawahesabu kwa mara ya kwanza, wakapatikana 1,524 (na hapo tunaongelea wale ambao familia zilikubali kuwataja kwa karani wa sensa, watu wanaofichwa chumbani hawahesabiki), alafu Sheria ya Watoto ya 2022 ikawataja wazi. Bibi zetu walikuwa wanawajua hawa watoto muda mrefu tu, walikuwa hawasemi.

Sasa kama malezi hayaamui mtoto ajione nani, yanaamua nini? Hapa ndo ningependa tukae, mana hapa kuna vitu vingi na tunapapita mbiombio.

Mwaka 2000 watafiti wa New York waliwachukua akina mama wenye watoto wa miezi 11, watoto wanaotambaa, wakatengeneza ubao wa mteremko unaoweza kupandishwa na kushushwa. Mama anaulizwa, mwanao ataweza kushuka mteremko mkali kiasi gani? Akishajibu, mtoto mwenyewe anapimwa. Mama wa wavulana wakakisia zaidi ya uwezo wa watoto wao, mama wa wasichana wakakisia chini. Watoto walivyotambaa hakukuwa na tofauti yoyote. Miezi kumi na moja jamani, mtoto hata "baba" bado hajaisema sawasawa, na mama yake mzazi, anayemuogesha kila siku, tayari anamuona dhaifu kuliko alivyo.

Na kuna ya zamani zaidi, 1976. Watu wazima walionyeshwa video ya mtoto wa miezi tisa anachezea vitu, kimojawapo ni kile kisanduku ambacho ukifungua mdoli unaruka ghafla. Mtoto anashtuka, analia. Walioambiwa ni wa kiume wakasema amekasirika. Walioambiwa ni wa kike wakasema ameogopa. Video ni ileile, kilio ni kilekile. Sasa fikiria mtoto anayelelewa na watu wanaoitafsiri hasira yake kuwa uoga kila siku ya Mungu, au uoga wake kuwa hasira, huyo ataijuaje nafsi yake?

Sio lazima uende New York kuyaona haya, kaa chini ya mwembe wowote wenye maembe na watoto. Wa kiume akiwa juu anaambiwa "shika hilo tawi la kulia, usikanyage bovu". Wa kike anaambiwa "shuka huko utavunjika, mtoto wa kike gani wewe". Mmoja kapewa maelekezo mwingine kapewa katazo. Baada ya miaka kumi hivi tunakuja kusema wasichana ni waoga na wavulana wanajua kujiongeza.

Kwenye kazi za nyumbani ndo kabisa. UNICEF 2016 walitoa hesabu kwamba duniani wasichana wa miaka 5 mpaka 14 wanatumia muda mwingi kwa asilimia 40 kuliko wavulana wa umri wao kwenye kazi za nyumbani zisizo na malipo, kuchota maji na kutafuta kuni, ukijumlisha ni saa milioni 160 za ziada kila siku. Na hapa niseme kitu ambacho kinanikera, ile sababu inayotolewaga kwamba kazi nzito ni za wanaume. Ndoo ya maji ya lita 20 ni kilo 20, ndoo yenyewe hujaipima, na anayeibeba kichwani kutoka bombani ni mtoto wa kike wa darasa la sita anapita mbele ya kaka zake wanaocheza chandimu. Kuni nazo je? Kutwanga? Uzito haujawahi kuwa kigezo, tunautumia pale unapotusaidia tu.

Na kigezo cha "hii kazi ya kike" nacho kinachekesha ukikifuatilia. Kupika ni kwa mwanamke, lakini anayekukaangia chipsi mayai pale stendi saa nne usiku karibu kila mara ni kijana wa kiume, na kwenye shughuli kubwa za pwani mwenye mwiko mrefu kwenye sufuria la pilau la kilo hamsini ni mzee wa kiume na hataki mtu amguse jiko lake. Kushona ni kwa mwanamke, lakini fundi anayekushonea kitenge cha sendofu ni mwanaume anakupima kiuno kwa futi ya kamba. Yani kazi ikiingiza hela inakuwa ya mtu yeyote, ikiwa ya bure ndo inapata jinsia. Mtoto wa kiume tunamkataza kupika nyumbani kwa sababu "utakuwa kama mwanamke", akifeli mtihani tunampeleka kozi ya hoteli.

Matokeo yake unayaona kwenye mageto. Kijana ana kazi, ana akili zake, ana godoro na redio, ila wiki nzima anakula chipsi na mihogo ya kukaanga kwa sababu hajui kuchemsha maharage yakaiva, shati lake analipeleka kwa dobi, na akiumwa homa anasubiri mtu wa kike wa ukoo wake apande basi. Hii tunaiita uanaume. Mi naona ni mtu aliyenyimwa elimu ya kujiweza na hakuna aliyemuonea huruma, mana wenzetu wa Kenya wamekuwa wakipiga kelele kwamba mtoto wa kiume amesahaulika, kuna ukweli, ila kusahaulika kwenyewe kulianzia mezani pale alipoachwa aondoke bila sahani yake.

Mbaya zaidi ni hili la kulia. "Mwanaume halii", mtoto wa miaka mitatu kaanguka goti linatoka damu anaambiwa nyamaza wewe mwanaume. Inaonekana ni ya kuchekesha, kumkomaza kidogo. Lakini utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika Tanzania 2009 ulikuta karibu wasichana 3 kati ya 10 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufika miaka 18, na wavulana ni takriban 1 kati ya 7. Rudia hiyo ya pili taratibu. Darasa lenye wavulana 35, ni watano. Sasa huyo mmoja kati ya saba ataenda kumwambia nani, kama tangu ana miaka mitatu ameambiwa maumivu yake ni aibu? Na msichana nae kwa upande wake kafundishwa kutii wakubwa, asijibu, asibishe, akae miguu imekutana, yani hata namna ya kumkatalia mtu mzima hajapewa. Tumewaandaa wote wawili kunyamaza, kila mmoja kwa njia yake.

Watu wakisikia hivi wanasema aa hayo mambo ya wazungu, mnataka watoto wasijue wao ni nani kama kule Sweden. Haya, twende Sweden. Mtaala wao wa shule za awali tangu 1998 unawaambia walimu wapambane na zile desturi za kugawa watoto kijinsia, na 2010 ilifunguliwa shule ya awali Stockholm inaitwa Egalia ambayo ilikwenda mbali zaidi, walimu wanaepuka hata kuwaita watoto kwa maneno ya mvulana na msichana, wanawaita marafiki. Hata hukohuko kwao watu walipiga kelele. Sasa 2017 watafiti wa chuo kikuu cha Uppsala hukohuko Sweden wakachapisha matokeo baada ya kuwalinganisha watoto wa shule ya namna hiyo na watoto wa shule za kawaida. Watoto wale walikuwa wanatambua huyu wa kike huyu wa kiume sawasawa tu na wenzao, hakuna aliyechanganyikiwa. Tofauti ni kwamba walikuwa tayari zaidi kucheza na mtoto mgeni wa jinsia nyingine, na hawakuwa wepesi wa kusema hiki cha kike hiki cha kiume. Utafiti ulikuwa mdogo, watoto wachache, ila ile hofu ya kwamba mtoto atapotea hajijui haikuonekana. Mi binafsi siwezi kumwita mwanangu rafiki, naona ni mbwembwe, lakini mbwembwe sio sumu.

Na hili la "utamaduni wetu" tulitumie kwa uangalifu kidogo. Morani wa Kimasai anasuka nywele ndefu, anapaka rangi nyekundu, anavaa shanga shingoni na hereni masikioni, nenda kamwambie amevaa kike uone. Mzee wa Lamu au Unguja anavaa kanzu mpaka kwenye vifundo vya miguu na anajifukiza udi. Huko kwa wazungu nako, Franklin Roosevelt aliyekuja kuwa rais wa Marekani alipigwa picha 1884 ana miaka miwili amevaa gauni na nywele ndefu, na 1918 jarida moja la wauza nguo za watoto Marekani lilikuwa linawaambia watu kwamba pinki ni ya wavulana kwa sababu ni rangi yenye nguvu na bluu ni ya wasichana kwa sababu ni laini. Yani hata hiyo pinki tunayoipigania kama mila ya babu imekuja juzi kwenye meli pamoja na mitumba.

Tofauti za kimaumbile zipo, sikatai, wavulana wengi wanapenda mieleka na purukushani zaidi hata ukiwalea vipi, na homoni anazozipata mtoto akiwa bado tumboni mwa mama zinaonekana kuwa na mchango wake. Ila wastani wa kundi hauniambii chochote kuhusu mtoto aliyekaa mbele yangu, na hakuna homoni ya kuosha vyombo.

Kitu ambacho wazazi wengi hawakijui ni kwamba kuanzia miaka mitatu mpaka sita hivi mtoto mwenyewe anageuka kuwa polisi wa jinsia. Anajua yeye ni nani, ila hana uhakika kama hiyo hali inadumu, wengine wanafikiri ukinyoa nywele unaweza kugeuka, kwahiyo anashikilia sheria kwa nguvu zote. Ndo maana binti wa miaka mitano analazimisha gauni mpaka kwenye mvua na wa kiume anakwambia "baba, wanawake hawaendeshi basi" wakati jana kapanda basi la dereva mwanamke. Anakusanya ushahidi kila sehemu, na ushahidi mwingi ni sisi. Utafiti wa Marekani wa 2017, wa Lin Bian na wenzake, ulikuta watoto wa miaka mitano wa kike na wa kiume wote wanaamini watu wenye akili sana ni wa jinsia yao, ila wakifika miaka sita wasichana wanaanza kupunguza imani hiyo na wanaanza kukwepa mchezo ukiambiwa ni wa watu wenye akili sana. Mwaka mmoja tu! Na ukiangalia ni mwaka ambao huku kwetu ndo mtoto anaingia darasa la kwanza, anakuta wasichana wanapewa mafagio ya chelewa na wavulana wanapewa makwanja, kabla hata ya a e i o u.

Kinamama huwa wanalaumiwa kwamba ndo wanaolea hivi, na ni kweli mara nyingi mama ndo anayemwita binti jikoni na kumwacha kijana. Lakini angalia na akina baba. Wapo wengi kuliko wanavyokubali, wanaosonga ugali, wanaofua, wanaomuogesha mtoto. Ila wanafanya mlango umefungwa. Hodi ikigongwa anaacha mwiko, anafuta mikono kwenye kaptula, anakaa sebuleni anachukua simu, mke anachukua nafasi jikoni mgeni anaingia. Mtoto kakaa pale kaona yote. Somo alilopata sio kwamba baba anapika, ni kwamba baba anapika na ni siri.

Kwahiyo kwa wale wanaoniuliza wafanyeje, mi sina programu wala semina, na siwaambii mkanunue midoli. Naanza na sahani, kila aliyekula anaosha ya kwake, na baba nae yumo, mgeni awepo asiwepo. Anza nao wakiwa na miaka minne mitano, umri ambao kuosha vyombo ni mchezo wa maji na wanagombania zamu. Ukisubiri afike kumi na nne utabishana nae mpaka uchoke, na bibi yake atakuja likizo atakukuta umemsimamisha mjukuu kwenye karo, atakuuliza kama huna binti humu ndani. Huyo bibi ndo mtihani wenyewe, mana huwezi kumjibu vibaya na huwezi kumpa utafiti wa Uppsala. Mwambie tu, mama, huyu akienda kupanga huko Dodoma nitampa nani wa kumpikia? Hilo wengi wao wanalielewa, mana wanawajua wajomba zake.